Mali Kauli Ikifika Mahakamani

Tanzania Bara haina mahakama yenye jina la madai madogo, tofauti na Kenya, ambayo sheria yake ya mwaka 2016 iliunda moja, na sasa husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za huko. Kwa mkazi wa Upanga au mchuuzi wa Kariakoo, kazi hiyo ni ya Mahakama ya Mwanzo. Deni litokanalo na mkataba hupokelewa hapo likiwa halizidi shilingi milioni 30, na shauri huendeshwa kwa Kiswahili.

Tuseme mwenye duka la jumla Mtaa wa Kongo ametoa katoni kumi za viatu kwa mali kauli, yaani kwa ahadi ya kulipwa baadaye, na sasa mchukuaji hapokei simu. Wengi hukimbilia polisi, wakati deni tupu si jinai. Mahali pake ni kwa karani wa mahakama: mdai hueleza dai, hulipa ada, shauri hupewa namba, na mdaiwa hupelekewa samansi. Asipotokea bila sababu, shauri laweza kusikilizwa upande mmoja.

Mdai ndiye huanza, kisha mashahidi wake, halafu zamu ya mdaiwa. Kila upande humhoji mwenzake. Hapahitajiki uthibitisho usioacha shaka kama kwenye jinai. Ushahidi mzito zaidi ndio hushinda, na hapo ndipo mali kauli huponza watu, maana mzigo ulitoka kwa neno tu. Daftari la duka lenye tarehe, idadi ya katoni na saini ya mchukuaji lina nguvu kuliko kiapo kirefu. Hata ujumbe wa simu usemao “nimetuma laki mbili, nyingine mwisho wa mwezi” ni kukiri deni.

Zamani mawakili hawakuruhusiwa katika Mahakama ya Mwanzo. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2021 huingia pale hakimu mkazi anaposikiliza. Kwa deni la viatu, daftari hutosha bila wakili.

Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Aliyeshinda naye bado hajalipwa: mdaiwa akikaidi, mshindi huomba kukazia hukumu, na mali ya mdaiwa yaweza kukamatwa na kuuzwa. Nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia na zana za fundi havikamatwi, kwa hiyo cherehani ya mshonaji hubaki kibarazani.