Nyatiti ya Waluo wa Kenya

Nyatiti ni kinubi cha nyuzi nane cha Waluo wa magharibi mwa Kenya. Hupigwa zaidi Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori, kaunti zilizo kando ya Ziwa Victoria.

Tumbo lake ni bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Nyuzi za zamani zilikuwa kano. Za leo ni nailoni ile ile ya wavuvi. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi sana, nyatiti imelala kando ya mguu. Kidole gumba cha mguu wa kulia huvikwa pete ya chuma, oduong'o, ambayo hugongwa kwenye ala yenyewe, na mguu hufungwa njuga. Vidole vikichopoa nyuzi, mguu hushika mapigo na mdomo huimba. Mtu mmoja hufanya kazi ya bendi. Kwa jadi alikuwa mwanamume; siku hizi wako wanawake wanaoipiga vizuri.

Mahali pake ni matangani, arusini na penye pombe. Hapo ndipo pakruok husikika: msikilizaji husimama, hutoa fedha, huusimamisha muziki, kisha hujisifu au humsifu rafiki, shemeji, hata kijiji chake. Akimaliza, nyuzi huendelea, na mwingine hujiandaa kumpita kwa maneno na kwa noti. Utamu wote wa shughuli uko hapa, kwa kuwa washairi ni watu waliokuja kusikiliza.

Majirani nao wana vinubi: Wakisii wana obokano, kubwa, yenye sauti nzito, na Wakuria wa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania wana litungu. Waluo wana pia orutu, zeze la uzi mmoja la kusugua kwa upinde.

Miaka ya 1960 vijana walihamishia uchopoaji wa nyatiti kwenye gitaa, noti moja moja, na mwishoni mwa wimbo magitaa yakapewa nafasi ya kukimbia peke yao. Ndiyo benga. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati, Rorya, Tanzania, mwaka 1940, aliipatia umaarufu mkubwa nchini Kenya akiwa na kundi lililobeba jina la kwao, Shirati Jazz, hadi kifo chake mwaka 2006. Nyatiti yenyewe haikufunikwa na gitaa: Ayub Ogada alikwenda nayo Uingereza, na wimbo wake Kothbiro ukatumika katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005.