Bahi: Nchi ya Maji Yasiyofika Baharini



Ukipanda gari moshi kutoka Dodoma kwenda Tabora, utapita Bahi. Ukichungulia dirishani wakati wa kiangazi, utaona mibuyu, miiba na vumbi. Utasema, "Nchi hii haina kitu." Usiseme haraka.

Bonde na mto wake

Bahi ni bonde. Magharibi, kuelekea Manyoni, kuna ukuta mrefu wa mlima. Huo ni ukingo wa Bonde la Ufa. Chini yake ardhi ni tambarare.

Mto Bubu hutoka kaskazini, ukapita Kondoa na Chemba, ukaingia katika kinamasi cha Bahi. Safari yake inakwisha hapo. Hauendi baharini. Maji hukaa mpaka jua liyakaushe. Mvua ikiwa nzuri, kinamasi huwa kama ziwa, na watu huvua samaki. Mvua ikiwa mbaya, hubaki udongo mtupu uliopasuka.

Akili ya wazee

Mvua ya Bahi ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Kwa mwaka hupatikana kama milimita 500 hadi 600 tu. Mara nyingi mvua hukatika Februari, mimea ikiwa bado michanga.

Wagogo waliyajua hayo. Walilima uwele na mtama, mazao yanayovumilia ukame. Walifuga ng'ombe. Walijenga tembe, nyumba yenye paa bapa la udongo, ambayo ndani yake ni baridi wakati wa jua kali. Hata hivyo njaa iliwapata. Njaa ya Mtunya, ya miaka 1917 hadi 1920, iliua watu wengi Ugogo.

Siku hizi wakulima wengi wa bondeni hulima mpunga kwa maji ya Bubu. Mpunga huleta fedha. Lakini Bubu usipojaa, hakuna mpunga. Kwa hiyo, ndugu mkulima, usiache uwele. Mpunga uwe wa kuuza, uwele uwe wa ghala.

Kinachoingia hakitoki

Kumbuka jambo hili: maji ya Bahi hayana mlango wa kutokea. Jua huyachukua maji, lakini chumvi na mchanga hubaki. Zamani wazee walichota udongo wa bondeni, wakauchuja kwa maji, wakachemsha maji hayo, wakapata chumvi. Chumvi hiyo hiyo ikizidi katika jaruba, mpunga hunyauka.

Basi fanya haya:

1. Ukiona weupe juu ya udongo wa jaruba, mwite bwana shamba mapema.

2. Safisha mfereji wa kuingiza maji na wa kuyatoa pia.

3. Usilime kandokando ya mto. Acha miti na majani yashike udongo.

4. Wewe unayeishi juu, Kondoa au Chemba, zuia mmomonyoko. Udongo unaokutoka wewe humfukia mwenzako wa Bahi.

Bahi si nchi tupu. Ni nchi inayotunza kila inacholetewa, kizuri na kibaya. Tuiletee kizuri.