Esuiglasi zikizubaa, usikimbilie kununua moteri

Bandugu, mwenye Coccinelle ao Land Rover ya zamani anajua hii: mvua inaanza, unawasha esuiglasi, zinapanda pole pole, halafu zinasimama katikati ya kioo. Ku garaje wanakuambia: «Moteri imekufa, tafuta ingine.» Lakini moteri ya gari la miaka 50 haipatikani hovyo, na ikipatikana ni bei. Kumbe mara nyingi haijafa.

Ndani yake kuna makaa madogo yanayopitisha umeme ku sehemu inayozunguka, na gia inayopunguza mwendo. Grisi ya gia ikikaa miaka mingi inakauka, inakuwa kama nta. Moteri ikizuiliwa kuzunguka inavuta umeme mwingi zaidi, inapata moto, fizibu inaungua. Njo maana hapana kuweka fizibu kubwa: utachoma nyaya.

Tafuta ugonjwa kwa mpangilio:

1. Tenga moteri na vyuma vinavyosukuma mikono ya esuiglasi, kisha iwashe. Ikizunguka vizuri, shida iko ku vyuma: safisha, tia mafuta pale vinapozungukia.

2. Bado inazubaa? Iletee umeme moja kwa moja toka ku batri, kwa waya wenye fizibu. Ikipata nguvu, shida iko ku nyaya, ku swichi ao ku masi. Kwangua kutu pale masi inagusa bodi. Coccinelle nyingi za mbele ya 1967 ziko na volti 6: ukipoteza volti 1 njiani, sehemu moja ya sita imeenda. Ku volti 12, ni moja ya kumi na mbili tu. Ile fizike tuliyokariri kwa Examen d'État, kazi yake ni hii.

3. Ikibaki vile vile, tenga batri, fungua moteri, na upige picha ya kila hatua. Toa grisi ya zamani, weka mpya. Futa shaba ambayo makaa yanagusa kwa kitambaa safi chenye alkoli. Makaa yakiwa yamebaki mafupi, badilisha.

Hapana kusukuma mikono ya esuiglasi kwa nguvu: meno ya gia yanaweza kuvunjika. Wala usiziwashe juu ya kioo kikavu.

Na zikisimama ukiwa njiani ku mvua kali, egesha pembeni, ngoja. Kuchelewa si kitu.