Tujifunze Picha za Mandhari (3): Zion, ukuta unapoumulikia ukuta mwenzake

Kwetu Oktoba na Novemba ni miezi ya vuli: wingu likitanda, mtu hukumbuka tundu la paa lake. Kusini mwa jimbo la Utah, Marekani, mambo ni kinyume. Mvua za radi za Julai hadi Septemba zimekwisha kupungua, joto limeshuka, na miti inageuka rangi kabla ya kupukutisha majani. Juma lililopita tulimaliza habari za lenzi na stendi. Leo tupange safari kamili, nami nimechagua Hifadhi ya Taifa ya Zion, iliyopata hadhi hiyo mwaka 1919.

Zion ni korongo lililochongwa na mto Virgin ndani ya jiwe la mchanga. Jiwe lenyewe lilikuwa matuta ya jangwa zaidi ya miaka milioni 180 iliyopita. Simama karibu na mwamba wowote upande wa mashariki wa hifadhi utaona mistari iliyolala mshazari, tabaka juu ya tabaka. Kila mstari ulikuwa mteremko wa tuta lililosukumwa na upepo. Chuma kilichomo ndani ya jiwe ndicho kilicholipa wekundu, kama kutu inavyolipa bati.

Sasa tuje kwenye jua, maana hapa ndipo aliyezoea kupiga picha kwetu anapokosea hesabu. Mwanzoni mwa Novemba, saa sita mchana, jua la Dar es Salaam liko karibu utosini, nyuzi 81 hivi kutoka upeo wa macho. Siku hiyohiyo Zion jua halipandi zaidi ya nyuzi 37, tena linabaki upande wa kusini mchana kutwa. Weka jua la chini namna hiyo kwenye bonde lenye kuta za mamia ya mita: sakafu ya korongo hushinda kivulini kwa saa nyingi. Wageni wengi huona kivuli kile wakafunga kamera, wakisubiri jua lifike. Wanakosea. Kivuli cha Zion ndicho kilichowafaa wapiga picha kuliko jua lake.

Sababu yake ni hii. Jua linapopiga ukuta mmoja, jiwe lenye chuma hufyonza sehemu kubwa ya nuru ya buluu na kurudisha nyekundu na rangi ya machungwa. Nuru hiyo huvuka korongo ikaangukia ukuta wa pili ulio kivulini, na ukuta ule ukirudisha tena, wekundu unazidi kukolea. Mahali pa kuliona hili ni Narrows, mwisho wa bonde, ambako kuta zina urefu wa mita 300 hivi na mto katika baadhi ya sehemu hauzidi upana wa mita 6 hadi 9. Huko njia ni mto wenyewe. Unatembea majini, fimbo mkononi, mawe ya duara yakiteleza chini ya viatu. Mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kwenye kona, ukuta ulio mbele yako ambao haujaguswa na jua unaanza kuwaka kama kaa la moto lililopulizwa, na maji yaliyo miguuni pako, yanayopokea anga kwa juu, yanabaki ya buluu. Rangi hizo mbili hukaa pamoja muda mfupi tu, kisha jua husogea.

Kamera isipoelekezwa itakuharibia. Mpangilio wa rangi wa kujiamulia wenyewe huuona wekundu ule kuwa kasoro na kuusawazisha, ukuta ukatoka wa kijivu. Uweke kwenye alama ya jua la mchana, na uhifadhi picha katika faili ghafi ili uweze kurekebisha nyumbani. Mbingu usiiingize kabisa kwenye fremu, kwani ni angavu mno, itazima kila kitu. Filta ya polaraiza ni muhimu kuliko lenzi ya pili: huondoa mng'aro juu ya mawe yaliyolowa na juu ya majani, rangi yao ya kweli ikatokea.

Kuhusu tarehe, majani hufuata mwinuko. Nyanda za juu za Kolob, zinazopita mita 2,000, huanza kugeuka mwishoni mwa Septemba. Sakafu ya korongo, yenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, husubiri hadi juma la mwisho la Oktoba na siku kumi za mwanzo za Novemba. Ukipata juma moja tu la likizo, lichukue hapo.

Angalia na saa yako. Wengi hutua Las Vegas, Nevada, na Utah iko mbele ya Nevada kwa saa moja. Asiyejua hilo hulikosa jua la kuchwa siku ya kwanza. Tena Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa nyuma, hivyo jua lililokuwa likizama baada ya saa kumi na mbili jioni huanza kuzama kama saa kumi na moja na nusu. Barabara ya ndani ya korongo haipitishi magari binafsi wakati mabasi ya hifadhi yanapofanya kazi, kwa hiyo ratiba ya basi la kwanza asubuhi ndiyo ratiba yako. Droni imepigwa marufuku.

Maji ya Narrows msimu huo ni baridi ya kufisha ganzi. Katika mji wa Springdale, langoni mwa hifadhi, hukodishwa viatu, soksi za mpira na suruali zisizopenya maji. Usione hasara kukodi. Na utabiri wa hali ya hewa usomwe kila asubuhi, hata mbingu ikiwa nyeupe, kwani mvua inaweza kunyesha mbali juu ya mto na maji yakakukuta chini. Septemba 14, 2015, watu saba walikufa katika korongo jembamba la hifadhi hii kwa mafuriko ya ghafla. Ukiona maji yanabadilika kuwa ya matope au vijiti vinaelea, panda juu papo hapo, kamera baadaye.

Nimebakiza miti, na ndiyo iliyonifanya niandike sehemu hii. Njano ile inayotanda sakafuni mwa korongo ni ya kotonwudi, jamaa wa mpopla, ambao mbegu zake hupeperuka na nyuzi nyeupe kama sufi. Ukiugusa mti mzee, gamba lake limepasuka mifereji inayoweza kuingia kidole. Sakafu unayosimama iliandaliwa miaka 4,800 hivi iliyopita, mlima ulipoporomoka na kuziba mto. Ziwa lililotokea lilidumu karibu miaka 700 na kuacha tope tambarare. Mche wa kotonwudi huota kwenye tope bichi lililoachwa na mafuriko. Lakini katika miaka ya 1920 na 1930 kingo za mto zilizuiwa kwa mawe yaliyofungwa kwa nyaya ili usihame njia yake, na tope lile likawa adimu. Mwaka 2006 William Ripple na Robert Beschta wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon waliongeza sababu nyingine ya uhaba wa miche: puma huwakwepa watu wanaofurika korongoni, paa hubaki salama wakaongezeka, nao hula miche michache inayojitokeza. Kwa hiyo miti mingi utakayoipiga picha ni wazee wasio na watoto nyuma yao.

Ukifika kando ya mto Virgin, ukaona kijiti chenye majani matatu manne ya njano kikisimama mbele ya fremu yako, usikikanyage wala usikikate. Hamisha stendi.