Masisi: GPS ya simu yaonyesha njia ziwani, lakini haihesabu abiria

Kandokando ya ziwa Kivu katika teritware ya Masisi, kuanzia Kirotshe hadi Shasha na Bweremana, simu yenye GPS inaweza kumsaidia nahodha usiku ama wakati wa ukungu.

GPS haihitaji intaneti wala yuniti. Simu inapokea ishara za satelaiti zisizopungua nne na kuonyesha mahali mtumbwi ulipo. Ila ramani ipakuliwe kabla ya safari, betri ijazwe, na simu ifungwe katika plastiki maji yasiingie.

Hata hivyo, chombo hicho hakimalizi hatari. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua Merdi kutoka Minova ilizama mchana, karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma. Gavana wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi, alisema ilibeba watu 278 na kwamba waliokufa hawakupungua 78. Wengi walipita ziwani kwa sababu vita vilikata barabara ya Sake–Minova. Mashua haikupotea njia. Ilijaza kupita kiasi.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha GPS, nahodha ahesabu watu, naye msafiri aombe jilee ya kuokolea.