Boga Linapooza Shambani

Boga huanza kuozea chini, mahali ambapo jicho la mkulima halifiki. Juu, ganda huonekana zima. Likiinuliwa, upande uliolalia udongo umekwisha lainika na kutota maji. Kwa familia inayotegemea majani, tunda na mbegu za mmea huu, hasara hiyo hufika jikoni kabla ya kufika sokoni, kwani boga lenye nyama ya manjano ni chanzo cha vitamini A kwa bei nafuu.

Dalili ndizo zinazoamua tiba. Vinyweleo vyenye vichwa vyeusi mfano wa pini, vinavyoanzia kwenye ua lililonyauka, ni vya kuvu Choanephora. Nyuzi nyeupe zenye punje za kahawia mithili ya ulezi ni za Sclerotium rolfsii. Doa la majimaji linalotanuka haraka na kufunikwa na utando mweupe kama unga huashiria Phytophthora capsici, adui mkaidi kuliko wote.

Kimelea hiki, kilichoelezwa na Leon Leonian mwaka 1922 kutokana na pilipili za New Mexico, Marekani, hufanana na kuvu lakini si kuvu halisi. Vijimbegu vyake huogelea. Mvua kubwa ya siku moja yatosha kuvieneza shambani. Ndiyo maana dawa nyingi za kuvu hazikidhuru, na fedha ya mkulima hupotea bure.

Kinga, basi, ni kuyatawala maji: matuta yaliyoinuliwa, mifereji isiyoziba, kumwagilia shinani, na nyasi kavu chini ya kila boga. Tunda bovu lifukiwe mbali, wala lisitupwe kwenye mboji. Shamba lililougua lipandwe mahindi au mtama kwa miaka 3 au zaidi, bila matango, matikiti, nyanya, bilinganya wala pilipili. Hata hivyo, mbegu ngumu za kimelea huishi udongoni kwa miaka mingi, hivyo mapumziko hayo hupunguza ugonjwa, hayaufuti.

Dawa ikilazimu kutumika, lipo jambo ambalo mashauri ya kilimo aghalabu hulisahau. Boga huvunwa mara moja, bali majani yake huchumwa kila baada ya siku chache. Siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa huyahusu majani pia. Mashina yanayochumwa mboga yatengwe, yasipuliziwe kabisa.