Kanda ya harusi ya zamani inagoma kuhamia kwenye DVD? Anza kukagua hapa

Mama mmoja alifika studioni kwetu hapa Tabora akitokea upande wa Sikonge. Alikuwa amefunga kitu kwenye kitenge kama mtu aliyebeba mayai. Alipofungua, tukaona kanda ya video, yale makaseti makubwa meusi ya VHS. Ilikuwa ya harusi ya mdogo wake, iliyopigwa mwaka 1996.

"Wanangu, humu ndani mna marehemu baba anamuusia binti yake," alituambia. "Nimeipeleka kwa kijana mmoja anayechoma CD, akasema kanda imekufa. Nyinyi ni watu wa redio. Picha nikikosa si neno, niisikie sauti tu."

Kanda ile haikuwa imekufa. Deki iliyotumika ndiyo ilikuwa chafu. Tulipomtafuta fundi mwenye deki nzima, mzee akaonekana amekaa kwenye kigoda, anazungumza Kinyamwezi taratibu, na kila neno lilisikika. Mama alilia, nasi tukanyamaza.

Tangu tulipoieleza habari hiyo hewani, tumepata simu nyingi kutoka Urambo, Kaliua, Nzega, Igunga na hata Uvinza. Wengi wana kanda sandukuni, na wengi wameshajaribu kuzihamisha wakakwama. Ndiyo maana tumeamua kuyaandika haya, uyasome kwenye simu yako kwa nafasi.

Kwa nini usisubiri

Vituo vya kwanza vya televisheni Tanzania Bara vilianza mwaka 1994. Kabla ya hapo, aliyekuwa na televisheni nyumbani aliitumia kwa video. Kwa hiyo harusi, misiba, maulidi, komunyo na ngoma za miaka ile ziko kwenye kanda hizi, na mara nyingi ni nakala moja tu.

Kanda ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku. Joto, unyevu na vumbi huuchosha. Lakini kanda yenyewe inaweza kuwa bado nzuri, ukakosa mashine ya kuichezea. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo mwaka 2016. Deki zilizobaki ni kuukuu, na kila mwaka zinapungua.

Jambo kubwa la kushika ni hili: kuna vitu vitano katika kazi hii, navyo ni kanda, deki, waya, kompyuta na diski. Tatizo likitokea, usibonyeze tena na tena. Simama, ujue kwanza limetoka wapi kati ya hivyo vitano.

1. Kanda: itazame kabla ya kuiingiza popote

Angalia kwenye kidirisha cha kaseti. Ukiona unga mweupe au madoa kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu. Usiiingize kwenye deki. Ukungu huchafua deki, na deki nayo itachafua kanda nyingine zote zitakazofuata. Iweke mahali pakavu, penye kivuli na hewa, kwa siku kadhaa. Ukungu ukikauka ni rahisi kuondolewa. Kazi ya kuuondoa mwachie fundi, aifanyie nje akiwa amevaa barakoa, kwa sababu vumbi lake ni baya kifuani.

Pili, tazama mgongo wa kaseti. Upande mmoja kuna kiulimi kidogo cha plastiki. Kivunje. Kikishavunjika, deki haiwezi tena kurekodi juu ya kanda hiyo hata mtu akikosea kitufe. Zipo harusi zilizofutwa na tamthilia kwa sababu ya kiulimi hiki.

Tatu, kanda iliyokaa miaka mingi bila kuchezwa, ipeleke mbele hadi mwisho kisha uirudishe hadi mwanzo kabla ya kuicheza. Utepe hulegea upande mmoja na kubana upande mwingine, na ukianza kuucheza hivyohivyo unaweza kung'ang'ania.

Utepe ukikatika, usiutupe wala usiuunge kwa gundi ya karatasi. Gundi hiyo huyeyuka na kung'ang'ania kichwa cha deki. Fundi anayejua kazi hukata sehemu ndogo iliyoharibika na kuunga kwa utepe maalumu, upande wa nyuma. Utapoteza sekunde chache, lakini saa nzima itakuwa imepona.

2. Deki: ijaribu kwa kanda usiyoijali

Usiijaribu deki usiyoijua kwa kanda ya marehemu baba. Tafuta kanda ya filamu yoyote isiyo na thamani, uicheze dakika 10, kisha uitoe na kuukagua utepe. Ukiona umekunjamana au umechanika pembeni, deki hiyo ni mla kanda.

Picha ikitoka na chenga tupu, jiulize: ni kwa kanda zote, au hii moja tu? Kama ni zote, vichwa vya deki ni vichafu. Fundi avisafishe kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi na spiriti safi ya isopropili. Spiriti ya kuwashia jiko haifai, wala pamba ya masikioni, maana nyuzi zake hunasa kwenye kichwa na kukivunja. Kitambaa kipite kulala, kufuata mzunguko wa ngoma ya deki, kamwe kisipande juu na kushuka.

Kama ni kanda moja tu, na mistari inakatiza juu au chini ya picha, tafuta kitufe kilichoandikwa "Tracking". Kibonyeze polepole hadi picha itulie. Kanda iliyorekodiwa na kamera moja mara nyingi huhitaji kurekebishwa kidogo inapochezwa kwenye deki nyingine.

Na hili tunalisema kama watu wa redio: chenga kwenye picha hazimaanishi sauti imepotea. Katika VHS, sauti ya kawaida imeandikwa pembezoni mwa utepe, na husomwa na kichwa chake chenyewe, tofauti na vya picha. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama yetu wa Sikonge. Kwa yule kijana picha ilikuwa chenga, naye alikuwa ameshusha sauti ya televisheni kwa kuchoshwa na kelele. Laiti angeipandisha, angemsikia mzee. Pia ukisikia mvumo mkali, tafuta swichi ya Hi-Fi kwenye deki uizime ibaki sauti ya kawaida. Mara nyingi mvumo hukoma.

3. Kanda iliyotoka nje ya nchi

Mji wetu ni wa safari. Misafara ya zamani ilitoka Bagamoyo, ikapumzika hapa Kazeh, ikaendelea hadi Ujiji, na Wanyamwezi ndio waliobeba mizigo. Waarabu wa Oman walijenga makazi yao hapa katika karne ya 19, na hadi leo zipo familia za Tabora zenye ndugu Muscat. Wengine wana watoto Marekani. Kanda zimekuwa zikisafiri kati ya ndugu hao.

Tanzania na Oman hutumia mfumo mmoja wa picha, uitwao PAL. Kanda ya Muscat itacheza kwenye deki ya hapa. Marekani walitumia mfumo mwingine, NTSC. Kanda ya huko ukiicheza kwenye deki ya PAL tupu, picha huruka au hutoka bila rangi. Si kwamba imeharibika. Tafuta deki inayosoma mifumo yote miwili, na mweleze fundi achague NTSC pia kwenye kompyuta.

4. Waya na kompyuta

Njia ya kawaida ni deki kuunganishwa na kifaa kidogo cha kunasia picha kinachochomekwa kwenye kompyuta. Waya wa njano ni picha. Mweupe na mwekundu ni sauti. Upande wa deki, chomeka kwenye matundu yaliyoandikwa "OUT". Wengi huchomeka kwenye "IN", kisha wanalalamika kwamba kifaa ni kibovu.

Deki nyingi za zamani zina tundu moja tu la sauti. Hapo sauti itasikika upande mmoja wa spika. Si tatizo la kanda. Fundi ataisambaza pande zote mbili kwa programu ya kuhariri.

Picha ikiwa nzuri kwenye televisheni lakini inakatika au kugeuka bluu kwenye kompyuta, sababu ni kwamba picha ya kanda iliyochakaa huyumba. Televisheni huvumilia, kompyuta haivumilii. Fundi mwenye mashine ya kurekodia DVD anaweza kuipitisha picha humo kwanza, kisha iende kwenye kompyuta. Mashine nyingi za aina hiyo huituliza.

Tatizo linaloulizwa kuliko yote: sauti inachelewa, mtu anafunga mdomo ndipo unasikia alichosema. Hapo kompyuta imelemewa ikaruka baadhi ya picha, sauti ikaendelea. Funga programu nyingine zote, zima intaneti, na rekodi kwenye diski ya ndani ya kompyuta, si kwenye flashi. Rekodi vipande vya nusu saa. Hata umeme ukikatika, utakuwa umepoteza kipande kimoja tu. Kwa wanaotumia jenereta au sola, hakikisha betri ya kompyuta imejaa kwanza.

Ukiona mikono ya wanaocheza ngoma ina mistari kama meno ya kitana, usishtuke. Ndivyo picha za video za zamani zilivyoandikwa, mistari kwa zamu. Kwa DVD iache hivyohivyo, televisheni itaishughulikia. Kwa faili la simu, mwambie fundi aiondoe wakati wa kubadilisha.

5. Diski na flashi

DVD ya kawaida hubeba GB 4.7, yaani kama saa 2 za picha nzuri. Kanda ya E-180 ni ya saa 3. Ukiisukuma yote kwenye diski moja, sura za watu zitakuwa kama matofali. Lipia diski mbili.

DVD inacheza kwa fundi lakini nyumbani inagoma? Mara nyingi haikufungwa. Mashine ya kurekodia ina hatua ya mwisho, huandikwa "Finalize". Bila hatua hiyo, deki nyingine haiisomi. Irudishe tu kwenye mashine ileile ifungwe. Sababu nyingine ni kwamba fundi alinakili faili kama nyaraka badala ya kutengeneza DVD ya video. Ndani ya DVD ya video lazima kuwe na folda ya VIDEO_TS. Na achome kwa kasi ndogo, kwa sababu mwendo wa haraka huongeza makosa.

Diski ikishachomwa, usibandike karatasi juu yake, wala usiiache juani kwenye dashibodi ya gari. Diski za kuchoma zina rangi ndani inayoharibiwa na mwanga.

Usiishie kwenye DVD. Simu haina pa kuichomeka. Omba pia faili la MP4 kwenye flashi. Flashi ikikataa kupokea ilhali ina nafasi tele, ujue flashi nyingi huandaliwa kwa mfumo usiokubali faili moja linalofikia GB 4. Likatwe vipande viwili. Na usiitegemee nakala ya WhatsApp kama akiba, kwa kuwa video hubanwa na ubora hushuka. Weka nakala tatu, na moja ikae nyumba nyingine, kwa mjomba au shangazi.

Kabla hujamwachia fundi kanda yako

Muulize kama deki yake ameijaribu leo. Kaa naye dakika 5 za mwanzo ukiona na kusikia kwa macho na masikio yako. Kubalianeni bei kwa kanda, na kwamba utarudishiwa kanda yenyewe. Hata ukishapata DVD, kanda usiitupe: isimamishe kama kitabu, mahali pakavu, mbali na spika na mchwa.

Jambo la mwisho tulijifunza kwa mama wa Sikonge. Alipokuwa akiitazama harusi ile, alikuwa akitaja watu: huyu ni fulani wa Ipole, yule alihamia Mpanda, huyu hayupo tena. Kijana aliyefuatana naye hakumjua hata mmoja. Tukamwambia aweke simu yake mezani, arekodi sauti ya mama anapotaja majina. Sasa wana faili mbili, ya harusi na ya majina.

Ukihamisha kanda yako, ketini pamoja na bibi au babu, mwashe simu irekodi. Baada ya miaka 20, wajukuu watauliza mwenye kanzu pale mlangoni ni nani. Jibu litakuwepo.